Mtoi Akifika Miaka 5 Kliniki Inamsahau: Nani Anacheki Afya ya Watoi wa Shule Makongeni?

Kila mathe Eastlands ako na kile kitabu cha kliniki. Kimekunjwa, kimemwagikiwa chai, na kinakaanga droo moja na cheti cha kuzaliwa. Ukikifungua utapata mtoi alizaliwa na kilo ngapi na sindano gani alidungwa siku gani. Sasa enda kurasa za mwisho, utapata ziko safi kabisa. Sindano ya pili ya surua na rubella inadungwanga mtoi akiwa na miezi 18, na kupimwa kilo kunafaa kuendelea hadi miaka 5. Baada ya hapo, kimya.

Huyo mtoi anavalishwa sweta, anaingia PP1, na kwa miaka kumi inayofuata mwili wake unabadilika kila mwezi bila mtu kuandika kitu popote. Akiwa mgonjwa sana ndio anapelekwa hosi. Akiwa mgonjwa kiasi, anapelekwa duka la dawa. Na kama shida ni ile haimlazi kitandani, kama macho mabovu, minyoo ama njaa, anaambiwa tu ni mzembe darasani.

Usiseme hii ni stori ya wazazi pekee. Kwa keja nyingi mathe anatoka asubuhi na kurudi usiku, na we ndio unabaki na ka-brathe kako ka Grade 4. Kwa hivyo shika hii rada vizuri.

Mtoi mmoja, serikali mbili

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtoto ako na haki ya lishe ya msingi, makazi na huduma za afya. Poa. Shida inaanzia kwa nani anafanya nini.

Afya iligatuliwa. Zahanati, vituo vya afya na hosi za kaunti ziko chini ya Nairobi City County, na serikali kuu ikabaki na sera na hosi kubwa za rufaa kama Kenyatta. Lakini shule ya msingi iko chini ya serikali kuu, na kaunti iliachiwa chekechea pekee. Kwa hivyo mtoi wa Grade 5 akiwa darasani ako mkononi mwa serikali moja, na akishikwa na homa saa nne asubuhi anakuwa mkononi mwa ingine. Hapo katikati ndio vitu huangukanga.

Kuna Sera ya Afya Shuleni, ya kwanza ilitoka 2009 na ikarekebishwa 2018, na inataka wizara za afya na elimu zifanye kazi pamoja. Kwa karatasi iko na kila kitu: maji, vyoo, lishe, chanjo, ukaguzi wa macho na meno. Lakini uliza wasee wengi waliosoma shule za mtaa wanakumbuka nini, watakuambia ni ile paredi ya Jumatatu. Odijo anapita na kiboko akicheki kucha, nywele na kola ya shati. Tulikaguliwa kucha miaka nane mzima, na hakuna siku tuliambiwa tufunike jicho moja tusome ubao.

Dishi ya kobole

Tuanze na kitu inafanya kazi. Mwaka wa 2023 kaunti ilianzisha Dishi na County, ikishirikiana na Food4Education, shirika ambalo Wawira Njiru alianzisha 2012 akipikia watoi 25 huko Ruiru. Form ni simple. Mzazi anaweka doo kwa M-Pesa, mtoi anavaa bangili, anaigusisha kwa kamashine na anapewa sahani. Bei ni kobole. Hiyo ingine yote inalipwa na kaunti na shirika.

Kobole siku hizi haikununulii hata andazi. Lakini kwa mtoi ambaye zamani alikuwa anashinda na mabuyu na kachiri mpaka jioni, sahani ya wali na ndengu saa saba inabadilisha mchana mzima. Damu inahitaji madini ya chuma, ubongo unahitaji sukari inayoingia polepole, na hivyo vitu haviko kwa pakiti ya krisps. Odijo yeyote atakuambia tofauti ya darasa lililokula na lile halijakula.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mradi ulianza na shule za umma. Eastlands iko na shule kibao za mabati za watu binafsi, na huko mtoi hana bangili, hata kama keja yao iko mlango mmoja na ya yule ako nayo.

Pili, tumewahi kuona hii muvi. Mwaka wa 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya shule, yale mzae wako anaitanga maziwa ya Nyayo. Kizazi kizima kilikunywa. Miaka ya 90 pesa ikaisha, maziwa yakapotea, na hakuna mtu alishtakiwa. Dishi likiwa mradi wa kiongozi, linaweza kuondoka na kiongozi. Uchaguzi ni 2027. Akija mtu kuomba kura mtaani, muulize hiyo sahani itakuwa wapi 2028.

Taifodi: hapa ndio kuna ngori

Wangapi kati yenu mmewahi kuambiwa muko na taifodi? Karibu wote. Unaenda duka la dawa na kichwa inauma, unatobolewa kidole, unangoja dakika kumi na tano, unaambiwa "taifodi" na unatoka na bahasha ya vidonge. Mtoi naye vilevile, mara tatu kwa mwaka.

Hicho kipimo mara nyingi ni kile kinaitwa Widal, na kina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Hakitafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta alama ambazo mwili ulitengeneza ukipigana naye. Sasa, hizo alama zinaweza kubaki kwa damu muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, na wadudu wengine wanaweza kufanya zionekane pia. Ndio maana mtu hana taifodi na karatasi inasema iko. Kipimo cha kuaminika ni damu kuoteshwa kwa maabara, na hiyo inachukua siku kadhaa na haipatikani kila kona.

Madhara ni mawili. Homa ya kweli ya mtoi, labda nimonia ama maambukizi ya mkojo, inabaki bila kutibiwa. Halafu zile antibiotiki za bure bure zinafundisha wadudu kuwa sugu. Tangu miaka ya 90 watafiti wa KEMRI wamekuwa wakiripoti taifodi ya Nairobi ambayo haisikii dawa kadhaa za kawaida.

Na usiniskie vibaya, taifodi ya ukweli iko. Utafiti wa Kibera uliochapishwa 2012 ulipata ugonjwa huko ulikuwa juu sana kuliko kijijini Lwak karibu na Ziwa Victoria, na waliopigwa zaidi walikuwa watoto wadogo. Sababu unaijua kama umeishi Eastlands. Mifereji ililazwa zamani kwa watu wachache, maji yanakuja kwa mgao, na bomba likikosa presha linavuta uchafu wa nje kupitia nyufa zake. Hapo juu ongeza mtungi wa maji umekaa wazi siku tatu.

Ndio serikali ikaleta chanjo. Kuanzia Julai 5 hadi 14, 2025, wiki ileile ya Saba Saba barabara za tao zikiwa zimefungwa, watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 walidungwa sindano ya taifodi bila malipo, mashuleni na kwa vituo. Lengo lilikuwa watoto karibu milioni 19. Wale wadogo wa miezi 9 hadi 59 walipata pia ya surua na rubella.

Mtaani maneno yakaanza: "Wanataka kumaliza kizazi." Huo uoga hautoki hewani. Mwaka wa 2014 maaskofu wa Katoliki walidai chanjo ya pepopunda imewekwa kitu ya kuzuia mimba, na serikali pamoja na WHO wakakana. Wengi walikumbuka madai, wachache wakakumbuka majibu. Na mtu akishazoea kudanganywa na serikali kuhusu ushuru na barabara, akiambiwa kuhusu sindano anashtuka. Hiyo naelewa.

Lakini tuangalie kile kinajulikana. Huko Blantyre, Malawi, chanjo ya aina hii ilijaribiwa kwa watoto karibu 28,000, wakafuatwa kwa miaka zaidi ya minne. Wale walidungwa walipata taifodi kwa kiwango cha chini karibu asilimia 80 kuliko wale hawakudungwa. Mtaa wa mgao wa maji, hiyo ni ulinzi mtoi anaupata kwa sindano moja, mkiendelea kungoja mifereji mipya. Mzazi akiwa na swali, aulize muuguzi: chanjo inaitwa nani, mtoi anaweza kuskia nini baadaye, akipata shida aende wapi. Muuguzi anafaa kumjibu bila kumkemea.

Minyoo na somo la Busia

Hapa Wakenya tuliifundisha dunia kitu. Kuanzia 1998, huko Busia, watoi wa shule walipewa vidonge vya minyoo na wachumi Michael Kremer na Edward Miguel wakafuatilia. Walipata kukosa shule kulishuka kwa karibu robo. Tena hata watoi hawakumeza dawa walifaidika, juu mayai ya minyoo yalipungua kwa udongo wanaochezea. Mwaka wa 2015 watafiti wengine walizipinga baadhi ya hesabu hizo na ubishi ukawa mkubwa. Lakini kwamba mtoi ako na minyoo anafaa kutibiwa, hapo hakuna mtu alibisha. Kremer na wenzake wawili walishinda Nobel ya uchumi 2019.

Serikali ilianzisha programu ya kitaifa ya dawa za minyoo mashuleni 2009 na kuikaza kuanzia 2012. Ililenga sehemu zenye minyoo wengi zaidi, hasa Magharibi, Nyanza na Pwani. Kwa hivyo ukiwa Nairobi usikae ukidhani lazima mtoi alipewa shuleni. Uliza. Kidonge ni albendazoli, kinatafunwa mara moja na ni bei ya chini sana. Lakini choo kikibaki vile kilivyo na sabuni ikikosa, minyoo watarudi.

Mtoi "mjinga" anaweza kuwa haoni

Huko Trans Nzoia kulifanywa jaribio lililochapishwa 2018. Walimu wa shule 50 walipima macho ya watoi zaidi ya 20,000. Shule zingine zilitumia simu na mzazi akatumiwa ujumbe wa kumkumbusha, zingine zikatumia njia ya kawaida ya karatasi. Kwa njia ya kawaida, kati ya watoi 100 walioambiwa waende hosi, 22 pekee walifika. Kwa njia ya simu, walifika 54.

Chukua mambo mawili hapo. Odijo anaweza kupima macho bila kuwa daktari. Na kupima pekee hakutoshi, lazima kuwe na mtu wa kusukuma hadi mtoi afike hosi. Mtaani huyo mtu anaweza kuwa we.

Wasichana

Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 ikilenga wasichana wa miaka 10. Hii saratani inaua zaidi ya wanawake 3,000 Kenya kila mwaka. Ratiba ilianza na dozi mbili zikipishana miezi sita, na 2022 WHO ikasema hata dozi moja inaweza kutosha. Ukiwa na sistee wa Grade 5, enda kituo cha afya muulize ratiba ya sasa. Inadungwa mapema juu inafanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana na virusi. Haimaanishi mtu anamruhusu kitu.

Pia kuna sheria ya 2017 inayosema msichana wa shule ya umma aliyebaleghe apewe sodo bure na za kutosha. Kama shule ya sistee haijaona sodo tangu mwaka uanze, hiyo si fadhila mnakosa, ni haki.

Uwanja nao ni dawa

WHO inasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anafaa kuchangamsha mwili dakika 60 kwa siku. Sasa wapi? Januari 19, 2015, watoi wa Lang'ata Road Primary walitupiwa vitoa machozi na karao wakijaribu kurudisha uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Watu waliita ile stori ya ardhi. Ilikuwa pia stori ya afya. Kila kiwanja cha Eastlands kikigeuzwa maduka, mtoi anabaki na kochi na simu.

Sasa mtu aende wapi?

Kutoka Makongeni uko na vituo vya umma karibu: Kaloleni, Jericho, Makadara. Mambo yakizidi kuna Mama Lucy. Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF ilitoka na SHA ikaingia. Zahanati na vituo vya afya, zile tunaitanga level 2 na 3, zinafaa kukutibu bila kulipa, juu kuna mfuko wa afya ya msingi unaolipiwa na serikali. Ukienda level 4 kupanda juu ndio michango yenu inaanza kuulizwa. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi kwa keja, na watoi wanaingia chini ya mzazi kama wameandikishwa.

Wanafunzi wa sekondari za umma walikuwa na bima yao, EduAfya, tangu 2018. Mkataba uliisha mwisho wa 2023 na sasa wako chini ya mzazi. Ina maana mzazi asipolipa, mtoi wa Form 3 aliyevunjika mguu ako kwa baridi. Hii kitu imepita kimya sana.

Halafu kuna CHP, wale wahudumu wa afya wa jamii wa begi na simu. Zaidi ya 100,000 walizinduliwa Septemba 25, 2023, Uhuru Park. Wakipita kwa ploti mara nyingi wanauliza kuhusu mama mjamzito na mtoi wa chini ya miaka 5. Usingoje waulize. Mwambie, "Mama, kuna huyu wa miaka 9, anakohoa wiki tatu." Kazi yake ni kumwelekeza mahali pa kupimwa.

Na ukweli usemwe: kuna siku utafika kituo uambiwe dawa imeisha. Hapo bure inakuwa bure ya mdomo. Omba karatasi ya ulichoandikiwa, na malalamiko yapeleke kwa msimamizi wa kituo ama kwa MCA, juu bajeti ya hiyo dawa inapitishwa bungeni kwao.

Makongeni ikihama, rekodi zinahama?

Mwaka wa 2025 familia za zile nyumba za reli zilipewa Sh150,000 zihame, kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Watu walibishana kuhusu pesa na muda, na walikuwa na haki. Lakini mtoi akihama katikati ya mwaka anapoteza vitu vingine: shule iliyo na jiko, muuguzi anayemjua, CHP anayejua ploti yao, na dozi inayofuata. Hakuna faili inayomfuata. Faili ni kile kitabu kwa droo.

Fanya hizi tano wiki hii

1. Piga picha kila ukurasa wa kitabu cha kliniki, ujitumie mwenyewe. Enda nayo kituoni uulize ni chanjo gani mtoi amebakisha.

2. Bonyeza *147# na mzazi, mcheki kama watoi wote wameandikishwa SHA. Uwe na vyeti vyao vya kuzaliwa karibu.

3. Mpime macho. Afunike jicho moja asome bango la ng'ambo ya barabara, halafu jicho la pili. Kama unasoma na yeye hasomi, mpeleke.

4. Akipata homa, anza na kituo cha afya, na uliza ni kipimo gani kimefanywa kabla ya kukubali antibiotiki. Akitapika kila kitu, akipata degedege ama akilegea hawezi kuamka, usingoje asubuhi.

5. Kukiwa na mkutano wa wazazi na mathe hawezi, enda we. Uliza maswali matatu: dawa za minyoo zinakuja lini, maji ya kunawa iko wapi, nani anapima macho hapa? Msee mmoja akiuliza ataonekana msumbufu. Kumi wakiuliza, mwalimu mkuu atapigia mtu wa kaunti simu kabla mkutano uishe.